Mahindi ya Mbwa

Baba Mwita,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki mtu anipunguzie. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kunimiminia uji kila uliponiona nimekunja uso, ukisema, "Mwalimu, kunywa kwanza, utagomba baadaye." Leo hakuna wa kunimiminia uji. Kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Mbwa wako Utaona amekufa. Shauriyako amekufa. Tulia amebaki, na nitakueleza amebaki katika hali gani. Wezi wa ng'ombe hawakuhusika. Mbwa wako wameuawa na biskuti zako mwenyewe, zilizookwa katika sufuria yako, na mwanao wa kwanza, Mwita.

Unakumbuka uliporudi kutoka Serengeti, baada ya miaka yote ile ya kuwapikia watalii kambini, ukiwa na begi moja na sufuria mbili nzito? Nilidhani umerudi Susuni kupumzika. Hukupata nafasi hiyo. Wezi walifika kwa jirani yetu, Mzee Wambura, wakamrushia mbwa wake nyama yenye sumu, wakaondoka na ng'ombe wote bila kubwekewa. Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Watu wote walilitazama zizi tupu. Wewe ulimtazama mbwa aliyelala langoni na povu mdomoni, na tulipokuwa tukirudi nyumbani ukaniambia, "Yule hakukosa ukali. Alikosa shule."

Shule hiyo ukaifungua uani kwetu. Ulitwanga dagaa wakavu, ukachanganya na unga wa mahindi na unga wa ulezi, ukaongeza yai na maji yaliyochemshiwa maini. Chumvi hukutia. Ulikanda mpaka donge likashikamana, ukalisukuma kwa chupa, ukalikata kwa kisu vipande vidogo kama punje za haragwe, kwa sababu, ulisema, mwanafunzi aliyeshiba hafundishiki. Kisha mchanga ndani ya sufuria kubwa, sinia juu ya mchanga, mfuniko, makaa chini na makaa juu. Biskuti zilipoiva ulizirudisha tena motoni zikauke kabisa, zisiharibike katika mfuko wa koti lako.

Na kabla mbwa yeyote hajaonja, wewe ulitafuna ya kwanza. Ulisimama wima, uso mzito, ukitafuna polepole kama mpishi anayeonja chakula cha wageni. "Nisichokula mimi, hawali wao," ulisema.

Jirani yetu Mama Ghati alikukuta siku moja katika hali hiyo, akiwa ametoka kisimani na ndoo kichwani.

"Baba Mwita, mbwa wanakula biskuti na mimi nimeamkia kiporo! Kama hapo kuna nafasi ya mbwa, niandike."

"Nafasi ipo," ukamjibu, "ila kazi yenyewe ni kubweka usiku kucha."

"Hiyo mbona naifanya tayari? Muulize mume wangu."

Hata mimi nilicheka, na unajua sicheki ovyo.

Niliyatazama masomo yako kutoka barazani nikijifanya nachambua mboga. Uliweka kipande cha nyama chini, ukafumba biskuti kiganjani. Utaona alipoirukia nyama, uliifunika kwa mguu na kusema neno moja tu: "Acha." Hukumpiga. Mimi nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote na fimbo ilikuwa pembeni ya ubao, lakini wewe hukumpiga mbwa hata mara moja. Ulingoja. Alipoinua macho kutoka kwenye nyama na kukutazama usoni, kiganja kilifunguka. Baadaye ulimwomba Mzee Wambura arushe nyama akiwa nje ya ua. Baada ya hapo ukawaomba watu wasiojulikana na mbwa kabisa. Tulia, mdogo kuliko wote, aliwashinda wenzake: aliketi na nyama katikati ya miguu yake ya mbele, mate yakimdondoka, mwili ukitetemeka, macho yakiwa kwako tu.

Wezi walikuja kwetu pia. Ulikuwa bado hai na unajua ninachokisema. Tuliamka kwa kelele za mbwa, na kulipokucha tukaikuta nyama chini ya ua, nzima, imejaa sisimizi. Ng'ombe wote walikuwa zizini. Uliichukua kwa kijiti ukaifukia, hukujisifu kwa mtu. Lakini siku hiyo ulioka sinia mbili.

Nayasema haya ili ujue kwamba sikusahau ulivyofanya kazi. Sasa sikiliza walichokifanya.

Baada ya mazishi yako binti yetu alinichukua kwenda Musoma kutibiwa macho, na nikakaa kwake muda mrefu. Mji wetu ulibaki mikononi mwa Mwita na mkewe. Biskuti zilipokwisha, Mwita akaamua kuoka mwenyewe. Simlaumu kwa hilo. Nilipopewa habari kwa simu nilifurahi. Alikuwa amekutazama tangu siku ya kwanza. Alijua maini, alijua dagaa, alijua makaa ya juu na ya chini. Alijua kwamba chumvi haitakiwi.

Alichokosea ni unga, na hakukosea kwa kutojua. Alichagua.

Mwaka huu alivuna mahindi yakiwa bado na unyevu, kwa haraka ya kurudi Nyamongo kwenye bodaboda yake. Hakuyaanika. Aliyajaza kwenye viroba na kuviegemeza ukutani, chini kabisa, sakafuni. Vilipofunguliwa, sehemu kubwa ya mahindi ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Wakakaa, yeye na mkewe, wakachambua: safi huku, mabovu kule. Unajua kiroba cha pili huitwaje hapa kwetu. Katika kila nyumba, kutoka hapa mpaka Nyakunguru, utasikia maneno hayo hayo: haya ya watu, haya ya mbwa.

Mwita akabeba ya mbwa kwenda mashineni. Akayasaga, akayaokea biskuti. Maji ya maini na dagaa yakafunika harufu. Na hakuna mtu aliyetafuna ya kwanza.

Niliporudi, Utaona hakuja kunipokea langoni. Alikuwa amelala kivulini, mbavu zimetokeza. Nilimfunua mdomo nikaona ufizi wa njano. Aliinua mkia kidogo, kwa heshima tu, akaushusha. Jioni alitapika damu. Shauriyako naye alikuwa ameacha kula.

Nilimwita afisa mifugo. Alikuja na pikipiki yake, akawapima, akauliza, "Wanakula nini, mama?"

Kabla sijajibu, Mwita alikwisha kuingia ndani akatoka na kopo. Baba Mwita, alilileta kwa fahari! "Biskuti, mkuu. Kama zile za mzee."

Afisa alivunja moja, akainusa, akaomba aonyeshwe unga. Aliuchota kidogo kwa vidole, akausogeza mwangani. "Huu ni ukungu. Sumu yake inakwenda kwenye ini, na moto wa jikoni hauiondoi."

"Lakini hayo yalikuwa ya mbwa tu," akasema Mwita.

"Na hawa wanaokufa ni nini?"

Mwanao alilifunika kopo lake. Mimi nilikuwa na majibu mengi, na wote waliokuwepo waliyasikia.

Mkewe aliniambia baadaye jambo ambalo halijanitoka kichwani. Siku ya kwanza ya biskuti zile, Utaona alinusa, akarudi nyuma. Akamtazama Mwita usoni, kama ulivyomfundisha. Mwita akamwambia, "Kula." Akala.

Ndiyo maana nina hasira nawe pia. Uliwafundisha kukataa cha mgeni. Hukuwafundisha kukataa cha nyumbani. Uliufanya mkono wa nyumba hii kuwa kitu kisichoulizwa, kisha ukafa, ukatuachia mkono huo sisi ambao hatukuustahili. Ungewaachia shaka kidogo. Mbwa mwenye shaka kidogo angekuwa hai.

Tuliwafukia karibu na zizi. Nilidhani kwa hapo angalau akili itamrudia mwanao. Kumbe kiroba kilikuwa bado na mahindi mengi, na siku ya tatu nikamkuta Mwita anayachota kwa bakuli.

"Unayapeleka wapi?"

"Kwa kuku, mama. Kuku hawafi ovyo."

"Na mayai yao anakula nani? Si wanao?"

Akasimama na bakuli lake. Nilikishika kiroba mwenyewe, kwa mgongo huu unaoujua, nikakiburuta mpaka chooni na kuyamwaga yote shimoni.

"Mama! Chakula hakimwagwi! Mzee angekuwepo asingekubali!"

"Mdomo wa baba yako umefungwa," nikamwambia. "Usiufungue wewe."

Kwa hiyo wakaenda kumleta mdogo wako, Chacha. Alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akanisomesha mimi.

"Shemeji, mbwa ni mbwa. Huyu mura, kijana wetu, amekosea, basi. Kijiji kizima kinasema mwalimu amemwaga mahindi chooni. Utamwita mwanao muuaji kwa ajili ya mbwa?"

"Sijamwita muuaji. Nimemwita mvivu. Angeyaanika mahindi tusingefika hapa."

"Yeye bado ana uchungu wa baba yake."

"Na mimi nina uchungu wa nani, shemeji? Wa jirani?"

Aliondoka bila kumaliza chai. Tangu siku hiyo, watu wakinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nasikia kicheko nikishapita. Wacheke. Walinicheka pia uliponiachia kazi ya kumwita Shauriyako kwa sauti mbele ya wanakwaya, nami sikufa.

Sasa kuhusu Tulia. Alinusurika kwa sababu wakati ule alikuwa kwa Mzee Wambura akilinda ndama aliyenunuliwa baada ya wizi ule, akapata biskuti chache tu aliporudi. Alitapika, akalala siku nyingi, akainuka. Nilipomwona anatembea nilinunua maini, nikasaga mahindi meupe niliyoyachagua punje kwa punje, nikaoka kama ulivyooka. Nilitafuna ya kwanza mbele yake. Ni ngumu, Baba Mwita, na meno yangu si yale. Kisha nikamnyooshea ya pili.

Aligeuza uso.

Nilijaribu kesho yake, na siku iliyofuata. Hataki kula mkononi mwangu, wala mkononi mwa mtu yeyote. Chakula chake lazima kiwekwe chini na watu waondoke. Hapo ndipo anaposogea, anakula haraka, masikio yamelala. Na juzi nilimkuta pembeni ya ua anatafuna kipande cha ngozi kilichodondoshwa na mpita njia. Nilisema, "Acha." Hakuacha. Alinitazama huku anameza.

Unaelewa kilichotokea? Kazi yako yote imepinduliwa. Cha mkononi mwetu anakikataa, cha chini anakila. Siku wezi watakapofika, hawatahitaji ujanja wowote. Watarusha, naye ataokota. Tulia atakufa, na ng'ombe watakwenda, na watu watasema mbwa alikuwa mjinga.

Leo asubuhi Mwita alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, utanisamehe lini?"

"Usiniulize mimi. Kamuulize Tulia."

Nilidhani atanuna, awashe pikipiki aende zake Nyamongo. Badala yake aliingia, akachukua biskuti kwenye sinia, akaitazama, akaivunja kipande akakitafuna. Hakunitazama wakati akitafuna. Alitoka nacho kilichobaki, akaenda uani, akachuchumaa na kunyoosha mkono.

Tulia amelala mbali, kidevu juu ya miguu, anamwangalia. Hajainuka. Jua limeshapanda juu ya paa la zizi. Simu ya Mwita imelia mara kadhaa, pengine ni abiria wake, na hajaipokea. Mkewe amemwita chai, hajageuka. Ninapoandika namwona kupitia dirisha. Mkono umeanza kuchoka, naye ameushikilia kwa mkono wa pili ili usishuke.

Sitamwita ndani. Na wewe usije kunisihi ndotoni kwa ajili yake.

Lala, Baba Mwita. Hasira yangu niachie, bado ina kazi.

Mkeo,
Mama Mwita