Bibi Thoa Alisema Tano

Dada Lụa mpendwa,

Habari za huko kiwandani, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila analalamika kwamba ukipiga simu unaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nimeandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Ile kazi ya utafiti niliipata. Nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za nyongo ya dubu, ile ambayo wazee wetu huiloweka kwenye pombe na kujipaka, na sheria imeikataza. Humuulizi mtu waziwazi. Unamsomea dawa tano, nyongo ikiwa mojawapo, naye anakutajia tu idadi ya alizotumia mwaka huu, bila kusema zipi. Zile nne nyingine nilizichagua mwenyewe: tangawizi, manjano, mafuta ya mnanaa na chumvi moto ya kukandia. Nilijiona mjuzi.

Bibi Thoa, aliyetulea Mama alipolazwa, aligoma. Akasema yeye ni mzee lakini si mjinga, na mimi nimeanza lini kumhoji mtu aliyenifundisha kupenga kamasi. Nikamwapia kwa jina la marehemu Baba kwamba jibu lake halitamfichua. Akacheka, akahesabu kwa vidole, akasema, "Tano, mjukuu wangu." Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kila mtu hapa kijijini hutumia zile nne, kwa hiyo anayeongeza nyongo lazima aseme tano, na akisema tano amejitaja.

Siku tatu baadaye walinzi wa misitu waliingia kwake, wakatoa chupa nyuma ya meza ya kutambikia mababu. Asubuhi kipaza sauti cha kijiji kikasoma jina lake, kati ya tangazo la chanjo ya nguruwe na zamu za maji ya mashamba. Tangu hapo haendi sokoni. Mzee Cẩn, mumewe, sasa anaukanda ule mguu wake mbovu kwa chumvi tupu. Naye Bi Vị, jirani yao kwa miaka arobaini, hasemeshwi tena, kwa kuwa Bibi anaamini ndiye aliyewachongea.

Dada, si Bi Vị. Ni mimi. Jioni ile ya maswali tulikuwa kibandani tunakula tambi na wenzangu wa kazi, kila mmoja akisimulia majibu ya kuchekesha. Nami nisipitwe, nikasema bibi wa mlango wa bluu kasema tano, kajivua nguo mwenyewe. Tulicheka sana. Mwenye kibanda ni mke wa mlinzi wa misitu, na nilijua. Naona aibu hata kuandika.

Jana Bibi Thoa aliniletea wali wa kunata. Akasema kijiji kizima kina midomo isipokuwa mimi, mtoto aliyelelewa akaleleka. Nikashukuru, nikala wote huku akinitazama.

Mama anakusalimu, anauliza kama utapata likizo ya mwaka mpya. Ukija ukakuta Bibi Thoa hataki kunitia machoni, usimlaumu, ujue nimemwambia. Ukikuta bado ananipenda, basi nimeshindwa. Mwambie wewe.

Mdogo wako,
Nhàn