Sahani Zenye Tone Jekundu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi wewe na shemeji. Natumaini barua hii itawakuta wazima wa afya, fungate imekwenda vizuri na nyumba mpya mmeanza kuizoea. Mimi ni mzima, ila miguu tu inanisumbua, maana kusimama dukani kutwa nzima si mchezo. Shangazi hajambo, bado anamsimulia kila anayepita mlangoni kwake jinsi ulivyopendeza. Baba naye hajambo. Habari zake nitakupa huko mbele, kwa hiyo tafadhali usirukeruke kurasa.

Najua umejiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Simu ungeikata, nakujua. Lakini barua utaisoma hadi mwisho, kwa sababu tangu utotoni umbea ni ugonjwa wako, hata umbea wenyewe ukiwa unakuhusu wewe.

Kwanza nikupe hongera tena. Harusi ilikuwa harusi kweli, na gauni lilikukaa. Najua pia una maswali yako kuhusu yale maboksi ya zawadi, na pale ukumbini uliponikumbatia ulininong'oneza kwamba tutaongea. Basi tuongee, ila leo naongea mimi.

Unakumbuka mlivyokuja dukani kuandikisha zawadi. Niliwatengea meza ya maharusi iliyo karibu na dirisha, ukazunguka rafu zote kama mkaguzi, ukichagua na kurudisha. Ulitaka seti ya kaure nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, sahani kubwa kwa ndogo, vikombe, birika, na bakuli la mchuzi lenye kifuniko chake. Shemeji wa watu alichagua kitu kimoja tu, kikombe kikubwa cha chai, nawe ukakirudisha kwenye rafu ukasema kinafanana na kopo la kuogea. Nilimwonea huruma. Nikakueleza utaratibu wetu: sampuli zinakaa mezani, mgeni akinunua kitu tunaifunga sampuli yake utepe ili mgeni mwingine asije akakirudia, na zawadi zenyewe tunazifunga chumba cha nyuma na kuzileta ukumbini siku ya harusi. Ukamwambia tajiri wangu, mbele yangu, kwamba hutaki mtu mwingine asimamie zawadi zako isipokuwa dada yako, kwa kuwa hakuna anayejua vyombo kama yeye. Kisha ukaongeza kwamba zawadi zifunguliwe ukumbini, moja moja, watu wote waone.

Hakukuhimiza mtu. Uliyataka mwenyewe yote mawili.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mama alipofariki, kabati lake la vyombo lilibaki sebuleni limejaa. Zile sahani zenye ndege wa kijani unazijua, tumekua tukizifuta vumbi na kukatazwa kuzilia. Chini ya kila moja mama alikuwa ametia tone la rangi nyekundu ya kucha, ili zikiazimwa na majirani zirudi zote, kwa maana majirani zetu hawakuwa na haya. Wakati wa ugonjwa wake nilikuwa namwogesha na kumlisha, nawe ulikuwa bize na kazi yako mpya. Siku moja akiwa na nguvu kidogo aliniambia vyombo vile ni vyangu. Sikumwambia mtu. Niliona si wakati wa kugawana.

Arobaini haijaisha, kabati likakutwa tupu. Mlango haukuvunjwa, kitasa kizima. Baba akatuita sebuleni, shangazi akiwepo, akaniangalia mimi. Hakukuangalia wewe hata mara moja. Alisema mwenye funguo ya nyumba na anayejua bei ya vyombo ni mtu mmoja tu, na kwamba kosa ni lake yeye aliyemkabidhi fisi bucha. Akaninyang'anya funguo. Mimi niliyemfunga mama sanda, mbele ya kabati la mama, naitwa fisi!

Na wewe je? Ulikaa pembeni yangu. Ulinishika mkono, ukaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba kama nimevichukua nivirudishe tu, baba atanisamehe. Loo! Uso wako ulikuwa mkavu. Nilikushukuru, mdogo wangu. Nililia nikakushukuru kwa kunihurumia.

Tangu siku ile nikawa mgeni kwetu. Nikienda kumsalimia baba nafunguliwa mlango na kukaa kwenye kiti cha wageni. Shangazi alipokuwa na shughuli nyumbani kwake aliniweka kwenye kukatakata vitunguu uani, mbali na kabati. Binamu zetu walinitania kwamba nikitoka nipekuliwe mifuko, nami nikacheka nao, kwa sababu ukikasirika ndiyo wanasema umeguswa penye kidonda. Nawe ulikuwa ukicheka pia.

Halafu siku moja akaingia dukani mzee mmoja muuza vyombo chakavu, watu wa mtaa wa nyuma humwita Mzee Vipande. Alikuwa ameshika bakuli la mchuzi, anauliza kama tunaweza kumpatia kifuniko cha kulifaa. Nililipokea, na mkono wangu wenyewe ukaligeuza. Tone jekundu hilo hapo. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya kupandia rafu, tajiri akadhani nimepata kizunguzungu.

Nikamuuliza mzee amelipata wapi. Yule mzee ni mtu mwema, hana kona. Akanieleza kwamba aliletewa na binti mmoja mrembo, mwenye mwanya, aliyekuja na teksi iliyojaa vyombo, analia. Binti alimwambia mama yake yuko hospitali anasubiri kupasuliwa, na hawana pengine pa kupata fedha. Mzee akamhurumia, akanunua vyote bila kubishana bei. Akaniambia mpaka leo humkumbuka yule mama mgonjwa kwenye sala zake.

Mama wakati huo alikuwa kaburini, mdogo wangu. Udongo haujakauka. Na ile simu uliyosema umepewa kazini ilionekana mkononi mwako wiki ile ile.

Nilivikomboa vyombo vyote kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu. Mzee alinitunzia, hakumuuzia mtu mwingine hata kisahani. Lakini kuvipeleka kwa baba sikuweza. Angesema nini? Angesema fisi ametubu, amerudisha nyama. Na wewe ungenishika tena mkono ungesema, unaona dada, si nilikwambia? Kwa hiyo nilivificha chini ya kitanda changu na kungoja. Nilikuwa sijui nangoja nini mpaka ulipokuja na shemeji kuchagua kaure.

Nilimweleza tajiri kwamba familia inataka kumshtua bibi harusi kwa vyombo vya marehemu mama yake. Alifurahi mpaka akatoa karatasi za kufungia za bure. Kila mgeni aliponunua sahani yako yenye ukingo wa dhahabu, nilifunga utepe kwenye sampuli, nikaiweka sahani yako stoo, na kwenye boksi nikatia sahani ya mama. Mali ya watu sijaigusa. Seti yako mpya iko stoo kwa jina lako, nenda ukaichukue siku yoyote. Mimi si mwizi, na hilo ndilo jambo zima.

Basi siku ikafika. Nilikuwa kwenye meza ya zawadi nakukabidhi maboksi, hivyo nilikuona kwa karibu kuliko mpiga picha. Boksi la kwanza lilikuwa la jirani yetu. Ulirarua karatasi huku unacheka, ukainua sahani juu watu waione kabla hujaiangalia mwenyewe. Kisha ukaiangalia. Nikaona kidole chako kinatambaa chini yake kinatafuta lile tone. Boksi la pili, la wafanyakazi wenzako, vikombe. La tatu, la mama mkwe wako, bakuli la mchuzi. Hilo hukuliinua tena watu walione, na shemeji akawa anakuinamia kukuuliza una nini. Mshereheshaji akakuhimiza, fungua bibi harusi, watu wanasubiri. Ukafungua. Ulikuwa na njia gani nyingine? Nilikuwa nakupa boksi baada ya boksi, nikikutabasamia, na naapa sijawahi kufurahia kazi yangu kama siku ile.

Ulipoangua kilio ndipo mshereheshaji akasoma kikaratasi nilichompa, kwamba zawadi zilizonunuliwa na wageni ziko salama dukani, na kwamba hivi ni vyombo vya marehemu mama, familia imemletea mwanawe awe naye siku yake kubwa. Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele, machozi, shangazi akakurukia shingoni. Watu walisema una moyo, unampenda mama yako. Nawe ukafuta machozi, ukainua kichwa, ukapokea sifa. Nilikuona ukipumua. Ulidhani umepona.

Hukupona. Mimi ndiye niliyepanga viti vya meza ya wazee, na pembeni ya baba nilimweka Mzee Vipande, na suti yake ya kuazima. Sikumfundisha neno hata moja. Nilijua hahitaji kufundishwa.

Kabla hata kikaratasi hakijasomwa, mzee alipoviona vile vyombo alifurahi kama mtoto. Alimgeukia baba akamwambia kwamba anavijua, alivinunua yeye mwenyewe kutoka kwa huyu huyu bibi harusi, na anamshukuru Mungu vimerudi kwa wenyewe. Halafu, kwa adabu zake zote, akamuuliza baba mama anaendeleaje, na kama ule upasuaji ulikwenda salama.

Hayo amenisimulia baba mwenyewe. Alikuja dukani wiki iliyofuata, akasimama katikati ya rafu za masufuria kama mtu aliyepotea njia. Mteja mmoja akamwomba amshushie sufuria, naye akamshushia. Kisha akanifuata kaunta, akaniwekea funguo ya nyumba kwenye kiganja. Aliniomba msamaha. Baba yetu, ambaye hajawahi kumwomba msamaha hata mtu aliyemkanyaga, alinishika mikono miwili mbele ya wateja akalia. Nami nililia, sitakudanganya.

Lakini aliniomba na jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Aliniomba nisikuambie kwamba anajua. Alisema wewe ni mtoto wake wa mwisho, na anataka kukupa nafasi umwendee kwa miguu yako, umwambie kwa kinywa chako, bila kusukumwa na mtu. Ukifanya hivyo, alisema, atakusamehe siku hiyo hiyo na neno hilo halitatajwa tena katika nyumba ile. Alisema atangoja hata kama itachukua umri wake wote uliobaki. Kila ukipiga simu anaacha chakula, anakusikiliza mpaka mwisho, akitumaini ni leo. Nilimwitikia. Nilimwambia sawa baba.

Sasa nimekuambia.

Mimi sikupewa nafasi. Sikungojwa, sikuulizwa, nilihukumiwa nikiwa nimekaa kwenye kochi lenye harufu ya dawa za mama. Kwa hiyo nafasi yako nimeichukua. Barua hii nikishaitia posta nitapita nyumbani, nitafungua mlango kwa funguo yangu, na nitamwambia baba kwamba nimekuandikia kila kitu. Ukimwendea sasa ukakiri, atajua umekiri kwa sababu umeshikwa. Ukinyamaza, atajua unanyamaza ukiwa unajua anajua. Najua litamuuma na yeye. Mzee wa watu amejijengea tumaini dogo na mimi naenda kulivunja kwa mikono yangu. Na iwe hivyo. Yeye naye aliniita fisi.

Nisikuchoshe, najua una kazi za nyumba mpya. Msalimie sana shemeji, mwambie kile kikombe chake nimemnunulia mimi, kimo kwenye boksi pamoja na seti yako. Msalimie mama mkwe wako pia. Shangazi anakusalimu. Baba bado hajakutumia salamu, maana hajui kama nakuandikia, lakini jioni ya leo atajua.

Ni mimi dada yako,
mwenye vyombo.