Karani Mmoja Anatosha

Mtito Andei

Mutiso mwanangu,

Wewe huna aibu? Lori la mahindi ya njaa linafika Kathonzweni, makarani mko saba, na Mama Nduku, jirani yangu wa zamani aliyenishika mgongo nikikuzaa, anarudishwa na kiondo kitupu eti karani wa kitabu chenye jina lake hakuja! Ningeanza na salamu, lakini hasira imetangulia.

Sasa, mko wazima huko? Mguu wa mke wako umepona? Mimi niko sawa, na mtoto wa dada yako ananyonya vizuri. Hii barua naandika mwenyewe. Kwa darasa la ngumbaru sikwenda kulala.

Sikia vile tumefanya hapa. Tulikuwa na makarani sita. Mmoja anaita jina, mmoja anaandika, mmoja anashika watu vidole wapige wino, wengine sijui. Na kila mmoja anaondoka na debe la mahindi yetu, ndiyo mshahara. Nikasimama nikauliza naibu wa chifu, "Hii njaa ni yetu ama ni ya makarani?" Watu wakacheka. Akasema, "Nyanya, bila hawa nani atajua watu?" Nikamwambia sisi wa mwethya, tunaochimbiana matuta shambani, tunajua kila nyumba, nani amekufa na nani amezaa. Basi kila kikundi kikapewa magunia kigawe, akabaki karani mmoja. Zamani tulikuwa tunachomwa na jua mpaka jioni. Siku hiyo saa nne asubuhi sufuria yangu ilikuwa motoni.

Lakini nilikosea pia. Wanjiru, anayeuzia madereva chai barabarani, hakupata kitu. Akanijia, akaniita nyanya kwa Kikuyu chao: "Cucu, kwa sababu sina kikundi, sina tumbo?" Nikamgawia yangu, kesho yake nikampa jembe aingie mwethya wetu, na sasa analima kuliko dada yako. Karani naye siku hizi anaanza na wale hawana kikundi.

Najua debe lako la ukarani ndilo linalisha wajukuu wangu. Usinililie. Watapata fungu kwa kikundi cha mama yao kama watoto wengine, na mkirudisha hizo debe saba, hakuna mzee atarudi mikono mitupu.

Nisalimie mke wako, mjomba wako mzee wa kanisa, na shangazi yako wa Mukuyuni anayenichungia mbuzi.

Jumatano lori likija, kabla gunia moja halijashuka, simama mbele ya watu ujitoe ukarani wewe kwanza. Halafu mbebee Mama Nduku mahindi yake mpaka mlangoni, kwa mgongo wako.

Mama yako,
Syokau