Kwa Jerko, Kocha Tuliyempigia Kura Aondoke

Jerko wetu, leo mwaka unatimia tangu tukuzike hapa Drniš, upepo wa bura ukivuma hadi mashada ya maua yakawa yanatukimbia. Wakati ule tuliandika gazetini kwamba umetutoka ukiwa umezungukwa na upendo wa familia yako. Mji mzima ulijua si kweli. Leo tunaandika tena, na safari hii tunaandika yaliyokuwa.

Ulikuwa mtoto wa pili wa mama Luca na marehemu baba Bože. Kaka yako Šime ndiye aliyekuwa mrefu, na kila mtu alidhani yeye ndiye atakuwa mchezaji. Wewe ulikuwa mfupi, miguu matege, ukicheza kwenye saruji nyuma ya shule na magoti hayaponi mwaka mzima. Ulipofika miaka kumi na saba, timu ya mpira wa miguu ya uwanja mkubwa ilikukataa. Ulirudi nyumbani ukasema, "Wameniambia mimi mfupi. Basi ngoja nitafute uwanja mfupi." Mama alicheka mpaka mchuzi ukaungua.

Na kweli uliupata. Kwa miaka kumi na sita ulivaa jezi ya klabu yetu ya mpira wa ukumbini, watano kwa watano, ukisimama nyuma na kuujua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. Mara tisa uliitwa timu ya taifa. Asubuhi ulipita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, jioni ulikuwa ukumbini. Vikongwe waliokufungulia mlango walikuuliza, "Jerko, Jumamosi tunashinda?" Nawe ukawajibu, "Bibi, wewe kwanza tengeneza hilo bomba linalovuja." Mfukoni hukukosa mbegu za alizeti. Maganda yake tuliyaokota kila ulipokaa, tukikugombeza.

Goti lilipokataa, ukawa kocha. Hukuwa mtu wa kupiga kelele. Ulimwita mchezaji pembeni, ukamwuliza, "Umeona nini pale?" kisha ukangoja mpaka ajibu, hata kama mechi inaendelea na watu wanazomea. Ukaipandisha timu ya mji mdogo kama wetu hadi ligi kuu, na ukaiweka humo misimu minne.

Hapa ndipo tunapoona aibu kuendelea, lakini tutaendelea.

Toma, mtoto wa Šime, ndiye aliyekuwa mfungaji wako. Siku mbili kabla ya mechi ya mwisho, ile ya kubaki ligi kuu au kushuka, alimrushia Kata, mama anayesafisha ukumbi, jezi yake yenye jasho. Ilimpata usoni.

"Kamata hiyo, shangazi! Fua, si ndiyo kazi yako?"

Wenzake walicheka. Wewe hukucheka.

"Nenda kamwombe radhi," ulimwambia.

"Ba'mdogo, nilikuwa namtania tu."

"Vizuri, basi haitakuwia ngumu. Nenda."

Toma hakwenda, na wewe hukumchezesha. Tulifungwa tatu kwa mbili, tukashuka.

Jumapili ile ulikuja kula kwa mama kama kawaida. Šime alikuwa anakungoja, uso umemwiva.

"Mtoto wa damu yako! Unamweka benchi kwa ajili ya mwanamke wa kudeki?"

"Ana jina, Šime. Anaitwa Kata."

"Hata angeitwa malkia! Watu wananisema barabarani kwa sababu yako."

Nevenka, mke wa Šime, alikuondolea sahani ukiwa bado unakula. Mama alitazama kitambaa cha meza. Hakuna aliyekutetea, Jerko, na wewe ulipangusa mdomo, ukambusu mama, ukaenda zako.

Mwezi wa sita kamati ya klabu ilikaa kuamua kama utaendelea. Walikuwa wajumbe saba. Watatu waliinua mkono uondoke, watatu walikataa. Wote wakamgeukia mjumbe wa saba, kaka yako. Šime anasema alikuwa na nafasi ya kuangalia upande wako na hakuangalia. Aliinua mkono. Ulisema, "Haya," tu. Kisha ukavuka chumba ukamkabidhi yeye mwenyewe funguo za ukumbi, zikiwa bado na joto la mfuko wako. Joto hilo, anasema, hajawahi kulisahau.

Baada ya hapo ulifundisha wasichana kule Knin, na sisi hatukuja kutazama hata mechi moja. Halafu ini likaanza kukusumbua. Ulilazwa hospitali ya Šibenik wiki kumi na moja. Ni nusu saa tu kwa gari. Kila Jumapili mama alivaa koti akauliza, "Šime, leo twende?" naye akajibu, "Wiki ijayo, mama." Hakuwa anaogopa kwamba utamsema. Aliogopa kwamba hutamsema.

Kata ndiye aliyekuja. Alipanda basi kila Jumapili, na supu kwenye chupa aliyoizungushia skafu isipoe.

Šime alikuja Alhamisi moja asubuhi, peke yake, bila kumwambia mtu. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa mashuka. Muuguzi akamwuliza, "Wewe ni nani yake?"

Makaburini tulisimama mbele, sisi familia, tukipokea mikono ya watu. Kata alisubiri nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alitushika mkono mmoja mmoja, hata Toma. Toma hakuweza kuinua macho.

Mwezi uliopita Toma alimwambia baba yake, "Mimi naenda kwa Mama Kata. Uje, usije, shauri yako." Walikwenda wote wawili. Walimkuta ukumbini anapiga deki. Toma alisema aliyotakiwa kuyasema miaka mitatu nyuma, akigugumia, akirudiarudia. Kata alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu."

Ndipo Šime akavua kofia.

"Bi Kata, wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Alituulizia?"

Kata aliendelea kukamua tambara.

"Kila nilipoingia," alisema. "Aliniuliza, 'Na wao je? Wako chini wanatafuta pa kuegesha gari?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo."

Misa yako ni Jumapili hii, saa nne asubuhi. Tumemwomba Kata asimame mbele pamoja nasi. Amesema ataona.

Hatutakusahau kamwe, Jerko, wala hatutajisahaulisha tulichokufanyia.

Mama yako Luca, kaka yako Šime, shemeji yako Nevenka, na Toma wako.