Kalibu ya Uso wa Mama Yako

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mpira wako wa kuyeyusha, ule wa kutengenezea kalibu, usiuguse kabla hujasoma hadi mwisho.

Leo babu yako ameamka kabla yangu. Nimemkuta na kisu, amezikata kalibu zako zote za mpira vipande vidogo ili ziyeyuke upesi, kama ulivyomfundisha. Na ile ya uso wa mama yako imo. Akaniambia, "We bibi, mtoto anachoka peke yake." Tena alikuwa ameshafagia.

Najua hukuwa umeimwagia plasta bado, na ule uso wa udongo ulipasuka ulipoutoa kwenye kalibu. Mama yako hayupo tena wa kukaa mbele yako umfinyange.

~~Vipande vya kalibu hiyo viko kwenye beseni, labda vitashikana.~~ Havishikani, nimejaribu. Nimevifunika kwa kitambaa.

Nampeleka babu yako zahanati, amejikata kidole. Amesahau tena kwamba mama yako alifariki, nami leo sina nguvu ya kumwambia upya.

Tukirudi atakuuliza kama amekusaidia. Lia sasa, mama, umalize. Kisha umwambie ndiyo.

Bibi yako