Nimemwapisha Mama Mkwe Bosi Akiwa Ametoka

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni karani wa mlinzi wa amani wa eneo letu, yule anayeshuhudia viapo, anayepatanisha majirani na kufungisha ndoa, kazini nina miezi minne tu, na Jumatano bosi, Mzee wetu, alipokuwa ametoka kula aliingia mama wa mchumba wangu na karatasi ya kiapo cha kuzaliwa, anataka pasipoti, nikamwambia, "Shikamoo mama, keti, Mzee anarudi sasa hivi," akanijibu, "Mwanangu, gari linaningoja. Kwani wewe hapa kazi yako kufuta meza?" na benchi zima la waliokuwa wakisubiri likacheka, nami kwa aibu nikasimama nyuma ya meza ya Mzee, nikamwambia ainue mkono wa kulia, nikamwapisha neno kwa neno, nikagonga muhuri, na jioni nikaichomeka karatasi katikati ya nyingine, naye Mzee akasaini zote bila kuuliza kwa sababu ananiamini, na usiku huo nikampelekea mama karatasi yake. Jumatatu mama anaipeleka uhamiaji. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, raha sina. Na mama ameshawatangazia ndugu kwamba mkwe wake ni hakimu. Nifanyeje?

Karani Mwoga

Karani mwanangu,

Pole, ila nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Umemwapisha vizuri sana, tatizo hukuwa na mamlaka ya kumwapisha hata paka. Sahihi ya mlinzi wa amani maana yake ni moja: huyu nilimwona, akaapa mbele yangu. Mzee hakumwona mtu. Umemfanya mtu mwaminifu aseme uongo kwa kalamu yake mwenyewe, na hapo sicheki tena. Mambo yakiharibika, atakayeitwa kujieleza ni yeye.

Leo hii mpigie mama simu, asiende popote na karatasi hiyo. Jumatatu fika kabla Mzee hajavua koti, funga mlango, mweleze yote, wala usianze na "shetani alinipitia". Anayeshinda akipatanisha majirani wanaogombania ukuta hatashindwa na karani aliyejileta mwenyewe. Atafoka, vumilia. Akikupa barua ya onyo, ipokee kwa mikono miwili. Kisha karatasi ifutwe, mama aje aape upya mbele yake. Ni dakika tano.

Mama akinuna, mwambie: "Mama, anayemdanganya bosi wake leo kwa ajili yako, kesho atamdanganya mwanao." Mimi mwenyewe nina wakwe watatu, nawajua. Hapo ataita gari mwenyewe aje kuapa.