Nyuzi Thelathini na Mbili

Jumapili, 6 Julai 2025

Kitabu cha nyimbo kimeniponyoka mara mbili kanisani. Mkono wa kulia! Tangu kile kiharusi cha mwezi wa nne kila mtu anauliza mkono unaendeleaje, kana kwamba mkono ndio mgonjwa na mimi ni msindikizaji.

Metroni Eveline kanifuata nje. Jumatatu ya tarehe 14 daktari ataniangalia nikifunga nyuzi. Nikiweza, narudi chumba cha upasuaji. Nikishindwa, dirisha la kadi, moja kwa moja. Miaka kumi na tisa ya unesi wa upasuaji, leo nikagawe kadi? Thubutu!

Jumatatu, 7 Julai

Kumbe dawa iko juu ya kabati. Ndege ya Baba Tumpe — ya plastiki, ya kuunganisha vipande, mfano wa zile za zamani zenye bawa juu na bawa chini. Kaiacha bila nyaya za kushikilia mabawa, akaenda zake kazini Chunya. Alisema nisiiguse hata kwa kufuta vumbi. Mtu mzima na ndevu zake, na vindege!

Nyaya zenyewe ni uzi wa nailoni, mwembamba hata hauonekani vizuri. Unachovya ncha ya sindano kwenye gundi, unagusa kitundu, unaingiza uzi kwa kibano, unavuta kidogo, unashikilia mpaka ikamate. Nyuzi thelathini na mbili.

Leo nimeweka mmoja. Masaa mawili. Vidole vimegandana, nimevibandua kwa maji ya moto na matusi.

Jumatano, 9 Julai

Kumi na moja! Nimegundua kitu: mkono unatetemeka ukiwa njiani kwenda kwenye kitundu, ukishakaza uzi unatulia. Na usimalize upande mmoja — kaza huku, hamia ng'ambo, la sivyo wa kwanza unalegea.

Alhamisi, 10 Julai

Mjinga mimi. Mjinga!

Baridi ya Kihesa ilizidi, vidole vikagoma. Nikaingiza jiko la mkaa, nikaliweka karibu na meza, nikaenda kuangalia maharage kwenye gesi. Kurudi — bawa la juu limepinda! Kumbe nailoni ikipata joto inajivuta. Vijiti viwili vya katikati ya mabawa vimeng'oka.

Nimelia. Si kwa ajili ya ndege. Naliogopa lile dirisha la kadi, basi, nimeandika.

Halafu nikachukua wembe, nikakata nyuzi saba. Kesho naanza upya, na masweta mawili.

Jumamosi, 12 Julai

Baba Tumpe kaja bila hata kupiga simu. Kanikuta na kibano mkononi, uzi wa ishirini na nane. Nikasubiri kelele. Akainama, akaangalia weee. Akauliza nani kazifunga. Mimi. Zote? Zote, na bawa nimelipindisha mimi, nikalinyoosha mimi.

Akasema basi Mama Tumpe, pumzisha mkono, hizo nne atamalizia yeye. Kwa upole kabisa. Lakini imenichoma, jamani! Nikamwambia pole na safari, chakula kiko kwenye hotipoti, kaa mbali na meza yangu. Meza yangu! Akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kula.

Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Mmoja ulikuwa umelegea. Nimeukata, nimerudia.

Jumatatu, 14 Julai

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Daftari kwenye mapaja.

Metroni Eveline kanionyesha trei yangu kabla daktari hajafika. Kitambaa cha kufanyia zoezi, mkasi, kibano. Na uzi mnene — mnene hata mtoto wa chekechea angeufunga! Kaninong'oneza kwamba kauweka makusudi, nisihangaike, daktari hatauliza. Kanishika bega.

Nikauangalia ule uzi. Nikauangalia mkono. Unatetemeka kidogo, hata mwandiko huu unaonyesha.

Nikamwambia asante, Metroni wangu, lakini urudishe. Niletee mwembamba kuliko zote mlizonazo.

Kanikazia macho. Kauliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, alete tu.

Viatu vya daktari hivyo, anapanda ngazi. Metroni kaenda kuuchukua.